Alfajiri za Iten na Barua kwa Wakorintho

Mwaka 1976 mtawa kijana wa Shirika la Ndugu wa Mtakatifu Patrick aliwasili Iten akitokea Ireland. Alikuja kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, shule ya wavulana iliyo ukingoni mwa Bonde la Kerio, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwahi kusomea ukocha. Kikosi cha riadha cha shule kilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Pete Foster, ambaye ndugu yake, Brendan Foster, alitwaa medali ya shaba ya mita 10,000 kule Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia mtawa yule. Kwa kuwa hakuwa na la kuwafundisha wavulana kuhusu mbio, Bruda Colm O'Connell alianza kwa kuwatazama.

Miaka 12 baadaye, mjini Seoul, kijana aliyepitia mikononi mwake, Peter Rono, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1992 Matthew Birir, naye wa St. Patrick's, akashinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kule Barcelona. Wilson Kipketer, aliyekuja kuikimbilia Denmark na kuishikilia rekodi ya dunia ya mita 800 kwa zaidi ya muongo mmoja, alisoma hapohapo. Kisha akaja kwa Bruda Colm kijana mwingine, David Rudisha. Shuleni kumepandwa miti kwa heshima ya mabingwa hawa, na mgeni akipita chini yake huonyeshwa mti upi ni wa nani.

Wageni huja Iten wakiitafuta siri. Wapo wanaodhani ni chakula, wengine hewa nyembamba ya mlimani, wengine damu ya Wakalenjin. Wakifika kwenye mazoezi ya Bruda Colm hukuta jambo ambalo huenda likawavunja moyo: vijana wakikimbia taratibu sana, mmoja nyuma ya mwingine, halafu wakirudia miondoko midogo kwenye nyasi. Goti linapandishwa. Mkono unapita karibu na ubavu. Unyayo unagusa ardhi kwa wepesi na kuondoka. Wanarudia tena, na kesho watarudia. Msichana wa miaka 16 anaweza kufika kwenye kambi ya mazoezi ya Bruda Colm likizo ya Aprili, akarudi nyumbani akiwa ametumia saa nyingi akijifunza kutulia ndani ya mwendo wake kuliko alizotumia kukimbia kwa kasi.

Rudisha mwenyewe ni ushahidi wa uvumilivu huo. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyoshinda fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne kule Mexico mwaka 1968, na kijana alitamani kukimbia mita 400 kama mzee wake. Bruda Colm akamwelekeza kwenye mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2008 jeraha likamnyima Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2009 akatolewa nusu fainali katika mashindano ya dunia ya Berlin. Hapo kocha mwingine angebadili kila kitu. Hawa wawili walirudi Iten wakaendelea na mazoezi yaleyale. Mwaka uliofuata Rudisha aliivunja rekodi ya Kipketer, na tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, akaongoza mbio tangu mwanzo hadi mwisho na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mita 800 kwa kasi hiyo.

Habari hii ni ya mtawa, na hilo lisipite hivihivi. Mtu aliyekwisha kujifunga kwa nadhiri, anayesali asubuhi na jioni akiwa na hamu au hana, anayatazama mazoezi kwa jicho tofauti na la mfanyabiashara wa vipaji. Hashangazwi na siku inayopita bila tukio lolote. Maisha yake yote ameyajenga juu ya siku za namna hiyo.

Hapo ndipo riadha na imani ya Kikristo zinapokutana kwa kweli, na si pale ambapo mahubiri mengi huzikutanisha. Wahubiri wetu humpenda mwanariadha siku ya medali. Picha yake akiwa amejifunga bendera hupanda mimbarani Jumapili inayofuata, na waumini huambiwa kwamba wao pia ni washindi, kwamba mwaka huu ni mwaka wao wa kupanda jukwaani. Ni kumnyima heshima mkimbiaji, na ni kumdanganya muumini. Mkimbiaji wa Iten hutumia sehemu ndogo mno ya maisha yake akishindana. Anaweza kuingia kwenye marathoni mara mbili tu kwa mwaka. Siku zilizobaki ni kuamka kukiwa bado giza, kukimbia, kunywa chai, kulala, kukimbia tena jioni. Mtu anayetaka kujua imani inakuaje azitazame siku hizo.

Aliyeuleta mfano wa mwanariadha kanisani alikuwa akizungumza na watu waliojua michezo kwa macho yao. Mtume Paulo aliishi Korintho kwa mwaka mmoja na nusu, takriban kati ya mwaka 50 na 52. Kilomita chache mashariki ya mji huo, penye hekalu la Poseidoni, palifanyika Michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Umati ulimiminika kutoka bandari zote za Ugiriki, na Paulo, kwa kazi ya mikono yake, alikuwa mshona mahema. Huenda kuna mgeni wa michezo aliyelala chini ya hema aliloshona mtume. Mshindi alivikwa shada la majani, na majani hayakukawia kunyauka.

Katika sura ya tisa ya barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, Paulo anakwenda moja kwa moja kwenye shada hilo. Wenzenu, anawaambia kwa maana, wanajinyima katika mambo yote kwa ajili ya kitu kinachonyauka. Alijua anachosema. Kule Olimpia, kwa mfano, wanariadha walikula kiapo mbele ya sanamu ya Zeu kwamba walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi kumi mfululizo. Msomaji wa haraka huona dhahabu na ushindi katika sura hiyo, lakini uzito wa maneno ya Paulo uko kwenye kujinyima, kwenye ile miezi kumi. Tena anamalizia kwa hofu yake mwenyewe: kwamba baada ya kuwahubiri wengine, yeye asije akaonekana hafai. Mtume hajiweki kwenye jukwaa la washindi. Anajiweka mazoezini, pamoja na wengine, na anakiri kwamba inawezekana kuanguka.

Karne 15 baadaye, Mhispania Ignasi wa Loyola aliandika kitabu cha sala kikachapishwa mwaka 1548, na kwenye kurasa zake za mwanzo kabisa alitumia mfano huohuo: kutembea na kukimbia ni mazoezi ya mwili, na roho nayo ina mazoezi yake. Wajesuti wanakitumia hadi leo, na jina lake ni *Mazoezi ya Kiroho*. Zoezi lake mojawapo ni kuipitia siku nzima jioni, saa kwa saa, kutazama mtu alipoteleza na alipopokea neema.

Wanaomfahamu Eliud Kipchoge watakumbuka madaftari yake. Tangu mwaka 2003 amekuwa akiandika kwa mkono mazoezi ya kila siku: amekimbia kilomita ngapi, kwa muda gani, mwili umejisikiaje. Huyu ni bingwa wa marathoni wa Olimpiki wa 2016 na 2021, mtu aliyekimbia kilomita 42 na ushee chini ya saa mbili mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Kwa miaka mingi, katikati ya juma, aliiacha familia yake Eldoret akaishi kambini Kaptagat na wenzake, chini ya kocha Patrick Sang, jirani yake wa utotoni huko Nandi. Kambi haina anasa. Wanariadha hupeana zamu za usafi, na zamu ya kusafisha vyoo haimruki mtu kwa sababu ana mamilioni benki. Bingwa wa dunia huchukua ufagio na ndoo siku yake ikifika.

Alikuwa na fedha za kutosha kujijengea uwanja wa mazoezi peke yake na kuajiri watu wa kumkimbilia mbele. Hakufanya hivyo, kwa sababu wakimbiaji wa nyanda hizi wamejua muda mrefu kwamba mtu hakimbii vizuri akiwa peke yake. Asubuhi mguu ukiwa mzito, kundi ndilo linalokutoa kitandani. Kundi ndilo linalokuona ukidanganya. Mkristo anayesema anaamini ila hana haja na jumuiya, kwa kuwa anasali vizuri zaidi chumbani kwake na anasikiliza mahubiri kwenye simu, anafanana na mkimbiaji anayefanya mazoezi chumbani. Jumuiya ndogo ndogo ya mtaani, na mama mkali anayeuliza mbona hukuonekana juma lililopita, inafanya kazi ileile inayofanywa na wenzake Kipchoge saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa upande wenye maumivu.

Mei 2016 Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, lilitangaza kwamba Kenya haitimizi kanuni zake. Agosti mwaka huo Jemima Sumgong akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki. Miezi michache baadaye vipimo vilimkuta na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, na akafungiwa. Baada yake orodha ya Wakenya waliofungiwa imezidi kurefuka, na wengi wao waliamka alfajiri kama wenzao, wakajinyima kama wenzao. Dawa hizo hazimfai mvivu: EPO humsaidia mtu aongeze mazoezi, si ayaache. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nidhamu ya chuma na bado akawa mwizi.

Kuna jambo zito zaidi ya dawa. Tarehe 12 Septemba 2021, Herzogenaurach nchini Ujerumani, Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja baadaye alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mume wake alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake wakaanzisha shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Septemba 2024 Mganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto katika kaunti ya Trans Nzoia. Ilikuwa Jumapili, naye alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Alifariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret, na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake akatajwa kuwa ndiye aliyemfanyia unyama huo.

Nyanda hizi zimejaa makanisa. Africa Inland Church na Kanisa Katoliki yamekuwepo kwa vizazi, na kila kijiji kina kwaya yake. Makanisa hayo yamewaombea wakimbiaji kabla ya safari, yamewapokea kwa nyimbo wakirudi na medali, yamepokea sadaka zao za shukrani. Swali ambalo yanapaswa kujiuliza kwa uchungu ni nani aliyewauliza mabinti hawa hali zao nyumbani, fedha zao za ushindi zilikuwa zikishikwa na nani, na kama walilala salama. Kanisa linalosifu mwili uliotiwa nidhamu na kunyamazia nyumba yenye kipigo limeishika nusu ndogo ya Injili. Paulo huyohuyo wa Korintho, alipowaandikia Wagalatia juu ya tunda la Roho, alianza na upendo. Kiasi, yaani kule kujitawala ambako mwanariadha anakujua sana, alikiweka mwisho kabisa wa orodha.

Mfano wa riadha una ukomo wake, na Mkristo akiusahau atageuza imani kuwa mashindano. Uwanjani dhahabu ni moja. Anayeanguka hasubiriwi. Ndiyo maana Watanzania wa rika fulani hawajamsahau John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza likiwa limeingia, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wachache wamebaki. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Wachungaji wamelitumia jibu hilo kwa zaidi ya nusu karne, nao wana haki. Kwa kanuni za riadha Akhwari alishindwa. Kwa kanuni za ile barua ya pili kwa Timotheo, ambamo mtume anayekaribia kifo anahesabu mwendo alioumaliza bila kutaja aliingia wa ngapi, Akhwari hana deni.

Turudi Iten, ambako siku nyingi za juma zina kazi zake zinazojulikana. Jumanne ni mbio za uwanjani. Alhamisi mamia ya wakimbiaji hukusanyika kwenye barabara ya vumbi kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, dakika moja mbio, dakika moja taratibu. Jumamosi ni mwendo mrefu. Jumapili wengi hupumzika, na barabara zilizokuwa zimejaa viatu vya rangi kali hujaa sketi na suti. Makocha wanasema misuli hujengeka wakati wa mapumziko, si wakati wa kazi. Biblia ilianza kuamuru pumziko zamani, na kwa sababu kubwa zaidi: binadamu hakuumbwa atumike bila kikomo, hata na ndoto zake mwenyewe.

Mtu anayetajwa sana kuhusu Jumapili ni Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa Tientsin, China, mwaka 1902, mwana wa wamisionari. Alikuwa tegemeo la Uingereza katika mita 100 za Olimpiki ya Paris ya 1924. Ratiba ilipotoka miezi kabla, mchujo ulikuwa Jumapili, naye akakataa kukimbia. Lawama zilikuwa nyingi. Akahamia mita 400, umbali ambao haukuwa wake, akaufanyia mazoezi, akashinda dhahabu kwa sekunde 47.6. Jumapili alihubiri katika kanisa la Waskoti mjini humo. Mwaka uliofuata aliacha riadha ya Ulaya akarudi China kufundisha.

Sehemu hiyo ya maisha yake imesimuliwa hata kwenye filamu. Iliyofuata haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayoonyesha imani iliyokomaa. Mwaka 1941, vita ilipokaribia, aliwasafirisha mkewe mjamzito na binti zao wawili hadi Canada. Binti wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien pamoja na raia zaidi ya 1,000 wa nchi za Magharibi. Humo aliamka kabla ya wengine, yeye na mwenzake wa chumba, wakasoma Biblia na kusali kwa taa ya mafuta ya karanga. Alifundisha sayansi bila maabara, akiwachorea watoto vifaa kwenye karatasi ili wajue vinavyoonekana. Aliandaa michezo. Magongo ya hoki yalipovunjika, alichana mashuka vipande na kuyafunga kwa gundi.

Michezo ya Jumapili, hata hivyo, hakutaka kuisimamia. Vijana wa kambini, ambao hawakuwa na kingine cha kufanya siku hiyo, waliamua kucheza hoki bila mwamuzi. Mechi ikaishia kwenye ngumi. Liddell alilifikiria jambo hilo. Jumapili iliyofuata alitoka na filimbi akasimama katikati ya uwanja kuchezesha, na akaendelea kuchezesha Jumapili nyingine zilizofuata. Kanuni ambayo hakuilegeza kwa ajili ya dhahabu ya Olimpiki wala kwa ajili ya taifa lake aliilegeza kwa ajili ya watoto waliofungiwa nyuma ya ukuta, waliokuwa wakihitaji mtu mzima wa kuwaamua. Walionusurika waliisimulia mechi ile hata walipozeeka. Alifariki kambini tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 43, na kambi ikakombolewa Agosti mwaka huo.